Blokicheni, jetoni na soko yetu: nani anashika kalamu?

Andiko la mazungumzo tuliyotoa mbele ya vijana wa Lubumbashi



Wengine wametoka Katuba na Kenya, wengine Rwashi na Annexe, na tunajua taksibisi ya siku hizi inakula franga ya bukari. Hatutapoteza wakati wenu. Wengi wetu hapa tuko watu wa namna moja: tulisoma, tulipata lisanse, tukapiga foto na toge, na sasa tuko nyumbani. Tunapeleka CV, hatupate jibu. Tunajua telefone kuliko wazazi wetu, na watu wanajua kwamba tunajua. Njo maana mambo ya leo inatuhusu sisi mbele ya wengine wote.

Mambo yenyewe ni blokicheni na jetoni za kidijitali. Katika magrupu ya WhatsApp ya mitaa yetu, haipite wakati murefu bila mtu kuleta jetoni mpya. "Weka dola 50, leta watu watatu, kiisha miezi mbili unatoka na 300." Na ile jetoni, ni nani anatafutwa aipeleke kwa mama mukubwa, kwa pasta, kwa watu wa likelemba? Ni kijana mwenye diplome, asiye na kazi, anayesema Kifaransa kizuri. Tunatafutwa sisi.

Upande wa pili, kobalti inayotoka katika udongo wetu iko inaandikwa tayari katika blokicheni, ili mutu anayenunua gari kule Ulaya alale usingizi. Vitu hivi viwili vinabeba jina moja, lakini havifanane. Leo tunataka kuvitenganisha, kiisha tuseme msimamo wetu.

Kuaminiana iko na bei

Tuanze na soko, juu pale hakuna mwenye kutufundisha.

Unatoa noti ya dola 20. Mama anaiinua juu, anaiangalia kwa jua, anapitisha kidole pembeni. "Papa, iko na kapasuka hapa. Haipite." Ile kapasuka iko ndogo kuliko ukucha. Noti ni ya kweli, kule Marekani wangeipokea bila neno, lakini huku haiendi. Noti ya franka 500 iliyochakaa kama kitambaa cha kufutia meza, yenyewe inapita. Unapeleka dola yako kwa kambiste, anaipokea kwa bei ya chini. Ile franga anayokata njo bei ya kuaminiana. Tunailipa kila siku, hata kama hatuipe jina.

Tuangalie tena. Mutu ananunua bidoni ya mafuta, anaonyesha telefone: "Mama, nimetuma, mesaji njo hii." Mama aliyeumizwa mara moja anajibu: "Mi siangalie mesaji, mi naangalia solde." Yuko na haki, juu mesaji ya uongo inaandikwa na mtoto wa miaka 15. Upande wa munuzi ni vilevile: kipimo cha unga kilichopigwa chini mpaka tumbo lake likaingia ndani, vidonge vinavyouzishwa barabarani bila boksi, telefone "ya asili" inayokufa kiisha juma tatu. Kila mara tunalipa mara mbili: bei ya kitu, na bei ya kuogopa kudanganywa.

Kwa hiyo mutu akija kutuambia kwamba kuko mashini inayoleta kuaminiana, hatumucheki. Iko hitaji ya kweli. Tunamuuliza tu: inaleta kwa nani, na inafanya namna gani?

Udongo huu unajua jetoni

Mbele ya dola na mbele ya franka, Katanga ilikuwa na jetoni yake. Wazee walichoma mawe, wakayeyusha shaba, wakaimwaga katika umbo la musalaba. Wazungu waliita ile kitu croisette. Wachunguzi wa mambo ya kale waliikuta katika makaburi ya bonde la Upemba, ya karne nyingi mbele ya Wabelgiji kufika. Ilinunua vitu, ililipa mahari. Katanga ilipojitenga, kuanzia 1960 mpaka 1963, ilichora misalaba tatu ya shaba juu ya bendera yake. Aliyepokea ile musalaba hakuhitaji kumujua aliyeitengeneza. Aliishika mukononi, akasikia uzito. Hata kama kesho ingekataliwa kama pesa, ilibaki shaba.

Kiisha wazazi wetu walijua pesa ya namna ingine. Mwisho wa 1992, utawala wa Mobutu ulitoa noti ya zaïre milioni 5. Wachuuzi waliikataa. Januari 1993, askari waliolipwa kwa noti hiyo waliona haiendi sokoni, wakapora Kinshasa, watu wengi wakafa. Oktoba 1993 ikaja nouveau zaïre: moja yake ilibadilishwa kwa zaïre milioni 3 za zamani. Kule Kasai watu waliikataa, wakaendelea kutumia noti za zamani. Juni 1998 ikaja franka ya leo: franka 1 kwa nouveaux zaïres 100.000.

Mutu mwenye miaka 40 katika chumba hiki ameona pesa tatu za nchi moja. Ile noti ya milioni 5 ilikuwa na sahihi ya benki na picha ya Maréchal. Ilikosa kukubaliwa na mama wa sokoni tu, na hiyo ilitosha kuiua. Tushike fundisho hili: pesa na jetoni zote zinasimama juu ya watu wanaokubali kuzipokea kesho. Teknolojia haiondoe sheria hiyo.

Likelemba ya daftari kumi

Sasa blokicheni ni nini? Tuchukue likelemba ya watu 10. Kila mwezi kila mutu anatoa dola 20, mumoja anabeba 200. Kawaida rais wa likelemba njo anashika daftari. Siku daftari imepotea, ao ukurasa umepasuliwa, vita inaanza, na familia hazisalimiane tena.

Tufikiri sasa kwamba kila mutu yuko na daftari yake. Mumoja akilipa, wote 10 wanaandika mustari uleule. Ukurasa ukijaa, wanahesabu alama moja kutoka kwa maneno yote ya ukurasa huo, na wanaandika alama hiyo juu ya ukurasa unaofuata. Mutu akibadilisha namba ya mwezi wa tatu katika daftari yake, alama ya mwezi wa ine haikubali tena, ya tano vilevile, mpaka mwisho. Wale 9 wanamuona palepale. Njo blokicheni: bloku ni ule ukurasa, na kurasa zimefungana kama munyororo. Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, ilikuwa ya kwanza kufanya hivyo na pesa kati ya watu wasiojuana, dunia nzima, bila rais wa kushika daftari. Na jetoni ni mustari katika daftari hiyo unaosema: kitu hiki ni cha fulani, na fulani anaweza kukipitisha kwa mwingine.

Hiyo ni nguvu ya kweli. Daftari isiyoweza kupasuliwa na mutu mumoja, sisi watu wa nchi ambamo dosye zinapotea ofisini, tunajua thamani yake.

Lakini turudi katika likelemba yetu. Siku ya kutoa, mumoja analeta bahasha. Anasema: "Njo 20." Ndani iko 15, na hakuna anayefungua. Wote 10 wanaandika 20. Sasa bubeji umeandikwa mara 10, katika daftari 10, na haufutike tena. Blokicheni inalinda maandiko kiisha kuandikwa. Haijue kama kile kilichoandikwa ni kweli. Aliyehesabu bahasha, yeye njo anajua.

Kobalti: muzani ni wa nani?

Tulete akili hiyo ku Kolwezi.

Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na karibu yote inatoka huku, Lualaba na Haut-Katanga. Januari 2016, Amnesty International na Afrewatch walitoa ripoti iliyofuata kobalti kutoka mikononi mwa wachimbaji, watoto pia, kupitia kampuni ya CDM, tawi la Huayou ya China, mpaka kwa watengeneza betri. Wanunuzi wa telefone na magari walishtuka. Waliuliza: hii betri yangu, ni mutoto aliyechimba?

Ili kuwajibu, makampuni yalikimbilia blokicheni. Januari 2019, Ford, Huayou, LG Chem, IBM na RCS Global walitangaza jaribio la kufuata kobalti kutoka muji wa kuchimba huku Kongo mpaka betri. Novemba 2019, Volvo Cars ilitangaza kwamba itafuata kobalti ya betri zake kwa blokicheni. Kiisha CMOC, ERG na Glencore, wote wenye migodi huku kwetu, walianzisha mupango wao unaoitwa Re|Source. Na kuanzia tarehe 18 Februari 2027, sheria ya Umoja wa Ulaya inaomba kila betri ya gari la umeme iwe na pasipoti ya kidijitali: unapiga foto ya kode ya QR, unasoma habari zake. Sheria hiyo hailazimishe blokicheni, lakini makampuni mengi yanaona njia ni moja.

Tunasema wazi: kufuata madini ni jambo jema. Hatutaki mutoto ashuke katika shimo. Lakini tuangalie mahali munyororo unaanzia. Lile jaribio la 2019 lilianza na kobalti ya mugodi wa mashini. Njo rahisi: kuko geti, kuko kamera, kuko ordinatere. Makrezeri, wale wanaochimba kwa mikono, wanakuja nyuma, ao hawaje kabisa. Kwa kampuni ya mbali inayotaka jina safi, njia fupi ni kusema: ya mikono, tuache. Hapo kuaminiana kwa munuzi wa Ulaya kunalipwa na baba wa Kolwezi, na hakuna aliyemuuliza.

Na kama kobalti ya mikono inaingia, inaingia namna gani? Krezeri anafikisha gunia ku depo. Pale kuko vitu viwili: muzani, na metoreksi, ile mashini kama bastola inayosoma asilimia ya madini katika mawe. Muzani ni wa munuzi. Metoreksi ni ya munuzi. Bei iliyoandikwa kwa choki ni ya munuzi. Krezeri anaambiwa: "Yako iko asilimia 1." Anajua ndani ya moyo kwamba iko zaidi, lakini hana mashini ya pili. Anauzisha, juu alishakopa chakula, na musafirishaji anangojea franga yake. Kilio hiki wachimbaji wamekitoa miaka mingi. Mustari wa kwanza wa blokicheni ukiandikwa kutoka muzani ule, blokicheni itautunza mpaka mwisho wa dunia, na mutu wa Stockholm ataona alama ya kijani kwenye telefone yake.

Hatusemi hivi kwa kukisia tu. Mbele ya blokicheni tulikuwa na vibandiko. Mupango wa ITSCI ulianza Katanga mwaka 2011 kwa madini ya bati, koltani na wolframu: kila gunia linafungwa kibandiko cha plastiki chenye namba, namba inaandikwa katika daftari. Namba zilikuwa za kweli. Lakini wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika zaidi ya mara moja kwamba vibandiko viliuzishwa na madini ya mahali pengine yaliingizwa ndani ya magunia. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti nzito juu ya jambo hilo. ITSCI iliyakataa mashitaka. Sisi tunaona kitu kimoja tu: kibandiko kikiwa na thamani kuliko gunia, kuna mutu atakiuzisha. Kubadilisha plastiki kwa kode ya QR hakumubadilishi mutu anayekifunga.

Jetoni zinazotafuta jirani

Tuje sasa kwa zile jetoni za WhatsApp.

Wazee wanakumbuka Bindo. Mwanzo wa miaka ya 90, kule Kinshasa, watu walipeleka akiba yao kwa Bindo Promotion na nyumba zingine za namna hiyo, wakiahidiwa faida isiyo na mufano. Wa kwanza walilipwa kwa franga ya waliofuata. Mwaka 1991 ikaanguka, na akiba ya watu ikaenda nayo. Hakukuwa na intaneti wala jetoni. Hesabu ilikuwa ileile.

OneCoin ilikuja mwaka 2014 na maneno ya kisasa. Ruja Ignatova aliwaambia watu kwamba pesa yake itashinda Bitcoin. Haikuwa na blokicheni ya kweli hata moja. Namba zilikuwa zinapanda katika ordinatere ya kampuni, na kampuni njo ilikuwa inaziandika. Uganda, jirani zetu, waliumizwa sana. Wazazi waliuzisha mali ya shamba wakanunue namba. Wakuu wa mashitaka wa Marekani wanahesabu zaidi ya dola miliardi 4 zilizochukuliwa dunia nzima. Ignatova alipotea Oktoba 2017. Mwenzake Karl Sebastian Greenwood alipewa kifungo cha miaka 20 mwaka 2023. Lakini kule kijijini, watu hawakumujua Ignatova. Walimujua kijana wa kwao aliyeileta. Yeye njo waliyeenda kumugongea mulango.

Iko tena namna ingine. Julai 2023, Worldcoin ilikuwa inafanya kazi Kenya, tunasema Kenya ya Nairobi, si komine yetu. Watu wengi walipanga mistari ili mashini isome mboni ya jicho lao, wakapewa jetoni zilizokuwa na thamani ya karibu shilingi 7.000 za kule. Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha kazi hiyo. Mei 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru habari za miili ya watu zilizokusanywa zifutwe. Jetoni unaweza kuiuzisha na kusahau. Jicho huwezi kupata lingine.

Na serikali nazo zinaingia. Jamhuri ya Afrika ya Kati, ng'ambo ya mupaka wetu wa kaskazini, ilifanya Bitcoin kuwa pesa halali Aprili 2022, kiisha ikaleta Sango Coin, ikiahidi uraia na udongo kwa wanunuzi. Agosti ya mwaka ule Mahakama ya Katiba yao ilisema: uraia na udongo havinunuliwe namna hiyo. Mwaka 2023 ile sheria ya Bitcoin kuwa pesa halali iliondolewa.

Tunajua mutu atasimama aseme: "Lakini benki hazituangalie. Kuko vijana wanafanya kazi ya watu wa nje, wanalipwa kwa USDT, na bila hiyo wasingelipwa." Ni kweli, na hatutamuambia huyo aache riziki yake. Kutumia jetoni kupitisha malipo ni kazi, kama kutumia kambiste. Ajue tu anamuamini nani. USDT inasimama juu ya neno la kampuni moja, Tether, kwamba iko na dola za kutosha nyuma ya kila jetoni. Oktoba 2021 ofisi moja ya serikali ya Marekani iliitoza kampuni hiyo faini ya dola milioni 41 kwa sababu maneno yake juu ya akiba hayakuwa ya kweli kwa muda fulani. Kwa hiyo hata pale kuko mutu nyuma ya daftari. Pokea, badilisha, kula. Usiifanye kaburi la akiba ya mama yako.

Maswali tano mbele ya kutoa franga

Tuyashike kwa kichwa, na tuyafundishe nyumbani:

Moja. Faida inatoka wapi? Kama jibu ni "kwa watu wapya", ni Bindo.

Mbili. Nikitaka kutoka leo, ninapata franga yangu leo? Omba ujaribiwe na dola 10, mbele ya wengine.

Tatu. Daftari iko wapi, na mutu asiye wa kampuni anaweza kuisoma? Kama inaonekana tu ndani ya aplikasyo yao, ni karatasi ya kampuni.

Ine. Nani anajibu mbele ya sheria ya Kongo? Jina, adresi, ruhusa. Tangu Machi 2023 nchi iko na Code du numérique. Mutu anayefanya kazi ya franga za watu asiogope kuonyesha karatasi.

Tano. Juu ya nini wananitafuta mimi nilete jirani yangu? Kitu kizuri kinauzishwa kwa ubora wake. Kinachouzishwa kwa undugu kinakula undugu.

Msimamo wetu

Sisi vijana tunasema hivi.

Kwa wakubwa wa muprovensi na wa migodi: wekeni muzani na metoreksi za watu wote katika kila kituo cha kununulia madini ya mikono, zikaguliwe mbele ya wachimbaji, na bei ibandikwe asubuhi mbele ya kazi kuanza. SAEMAPE iko kwa kusaidia wachimbaji. Hiyo njo musaada wa kwanza. Bila muzani wa haki, hakuna blokicheni ya haki.

Kwa makampuni yanayotangaza madini safi: krezeri awe mutu wa kwanza kupokea nakala. Uzito, asilimia, bei, vifike katika telefone yake kwa mesaji ya bure, kwa Kiswahili, hata kama telefone yake ni ya vibonyezo. Na yule mununuzi wa gari anayesoma kode ya QR aone pia bei aliyolipwa mwenye kuchimba. Akiona mahali madini yalitoka bila kuona mwenye kuchimba alilipwa ngapi, ameona nusu ya ukweli.

Kwa Benki Kuu na serikali: semeni mapema. Onyo linalotoka kiisha watu kulia halisaidie. Orodha ya nyumba zenye ruhusa itolewe kwa luga zetu ine za nchi, isomwe kwa redio, ibandikwe sokoni.

Kwa makomine: kagueni vipimo vya unga na mafuta, vigongwe muhuri. Hiyo haiombe intaneti wala mashini ya bei kali. Iko inaomba mutumishi asiyepokea matabishi.

Na kwa sisi wenyewe. Hakuna muanamemba wetu atakayetumia jina la muungano huu kuleta watu katika jetoni yoyote, hata ile anayoiamini. Anayetaka kucheza na franga yake, acheze na franga yake. Diplome zetu wazazi walizilipa kwa kuuzisha bukari na makala. Hatutazigeuza ndoano ya kuvulia majirani.

Tunaanza na kitu kidogo. Kila likelemba tunamoingia, ao wanamoingia mama zetu, tunaomba jambo moja: franga ihesabiwe mbele ya wote, kiisha ukurasa wa daftari upigwe foto palepale na kutumwa katika grupu ya wanamemba wote. Asiye na telefone ya foto aandikiwe karatasi yake. Kila mutu anabaki na nakala, na bahasha imefunguliwa mbele ya macho. Haiombe jetoni, haiombe dola 50 ya kuingia. Inachukua sehemu nzuri ya blokicheni, nakala kwa kila mutu, na inaweka ile sehemu blokicheni haina: watu wanaohesabu pamoja mbele ya kuandika.

Pili, katika kila komine tunatafuta watu wawili wanaojua mambo haya, wakae siku moja kwa juma mahali pa kujulikana. Mama akiletewa jetoni, alete telefone yake, tusome pamoja, bila malipo. Hatutamuchekea. Tutamuuliza yale maswali tano, na yeye mwenyewe atajibu.

Mutu atauliza: hii italeta kazi? Hapana, si kesho. Lakini tumeona namna watu wanatuamini juu ya masomo yetu, na hiyo ni mali. Mutu anayejua kusoma daftari ya kidijitali na kumuelezea mama wa sokoni, na krezeri, na hata deputé, mutu huyo atahitajika, juu pasipoti za betri zinakuja na kobalti iko huku. Tujifunze mbele wengine hawajaja kutufundisha kwa bei yao.

Wanaotaka kuanza na likelemba ya kwao wabaki kiisha masolo, tutaandika majina kwa komine. Wenye maswali magumu, tuanze nayo sasa.



Lubumbashi, Haut-Katanga